Kidonge Ndani ya Maziwa Mabichi

Nzivo wa mtaa wa Tena hakuwa mtu wa kubishana naye kuhusu maziwa. Kwa siasa ungemshinda, kwa mpira hata mtoto wa nasari angemshinda, lakini ukitaja maziwa mbele yake ulikuwa umejitafutia maneno. Kibanda chake kilibanana kati ya kinyozi na mama mboga, na kila asubuhi pikapu kutoka mashambani Tala ilimshushia mitungi ya maziwa ya ng'ombe wa kaka yake, Kivuva. Maziwa ya pakiti aliyaita maji ya kusuuzia chupa. Jirani akithubutu kupita pale na pakiti ya dukani, Nzivo alimwita kwa jina mbele za watu akampa pole ya msiba.

Watu walicheka na wakanunua. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Nzivo alisifiwa miaka na mikaka na hakutia hata tone, na kwa hilo lazima asifiwe. Ubaya wake ulikuwa mwingine. Alisifiwa mpaka akaamini kwamba hakuna kilichoharibika duniani ambacho maziwa ya Tala hayawezi kukitengeneza.

Nyumbani alikuwa na kilichoharibika. Binti yake Kavinya, wa darasa la pili, alikuwa na saratani ya damu. Alikuwa amepewa jina la mama yake Nzivo, na kwa desturi ya Wakamba baba yake alimwita mwaitu, yaani mama yangu, na alimdekeza kama mtu anayejua kwamba akimkosea huyu amemkosea mzazi wake. Mtoto alikuwa amelazwa hospitali kubwa akatiwa dripu kali hadi nywele zikaisha kichwani. Kisha daktari akasema ugonjwa umelala. Umelala, haujafa. Ili usiamke, Kavinya angemeza vidonge kila jioni kwa muda mrefu, bila kukosa.

Majirani hawakujua lolote. Nzivo aliwaambia kwamba mtoto alikuwa kwa nyanya yake ushago na nywele zilinyolewa kwa sababu ya mba. Aliogopa wateja. Watu hawanunui maziwa katika nyumba yenye ugonjwa mkubwa, hata ukiwaapia kwamba ugonjwa huo hauambukizi, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakilisha nyumba hiyo. Basi akanyamaza, na mkewe Nthoki akanyamaza naye.

Nthoki alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha plastiki huko Industrial Area, zamu ya mchana hadi usiku. Kwa hiyo yeye ndiye aliyempeleka mtoto kliniki asubuhi, na dawa ya jioni ikabaki mikononi mwa Nzivo. Siku ile vidonge vilipotolewa, Nthoki alirudi na maagizo ya mfamasia akayasema pale mlangoni kabla hata ya kuvua viatu.

"Baba Kavinya, nisikize vizuri. Jioni, tumbo likiwa tupu, na maji. Maziwa asiguse karibu na dawa."

"Maziwa gani?"

"Maziwa ni maziwa."

"Hapo umenikosea," Nzivo akasema. "Hao wanaongea juu ya ile takataka ya pakiti. Nani hospitalini amewahi kuona maziwa?"

Nthoki alikuwa amechoka. Alimwambia tena, maji peke yake, na Nzivo akaitikia kwa kichwa. Kwa miezi kadhaa alifuata. Alimpa mtoto kidonge na kikombe cha maji, akasimama kumtazama akimeza, na moyoni aliona kama ametukanwa yeye na ng'ombe wote wa Kivuva.

Halafu akaja Zubair. Alikuwa kijana mpole wa mama Kibibi, familia ya Waswahili waliokaa Tena tangu zamani, na alikuwa akisomea shahada ya pili chuo kikuu. Alianza kununua maziwa kila Jumatatu, akiyataka mabichi, yaliyokamuliwa alfajiri hiyo hiyo, na aliyaweka ndani ya kasha lenye barafu kama mtu anayebeba samaki.

"Msomi, mbona hutaki nikuchemshie?" Nzivo akamtania siku moja. "Ama huko chuo mnafuga paka?"

"Mzee, nikiyachemsha nimeua kazi."

Zubair aliegemea kaunta akamweleza, kwa sababu Nzivo aliuliza na kwa sababu kijana yeyote anayesoma jambo lisilojulikana mtaani hufurahi kuulizwa. Alisema kila seli ya mwili, iwe ya mtu au ya ng'ombe, humega kipande cha ngozi yake, ikafunga kifuko kidogo mno, ikakituma kwa seli nyingine kikiwa na ujumbe ndani. Darubini ya kawaida haikioni. Maziwa yamejaa vifuko hivyo, maana ng'ombe hamtumii ndama chakula tu.

"Sasa dawa nyingi zikifika kwa seli hazifunguliwi," Zubair akasema. "Ni kama ajenti wa nyumba akibisha mwisho wa mwezi kudai kodi. Si unajua vile kila mtu hunyamaza ndani? Lakini kifuko ni kama jirani anayerudisha sufuria. Anafunguliwa bila maswali. Sisi tunajaribu kutia dawa ndani ya hiyo sufuria."

"Dawa gani?"

"Ya saratani."

Nzivo aliweka chini kikombe cha kupimia. Zubair aliendelea kusema. Alisema wako mwanzo kabisa, wanajaribu kwenye seli zilizo katika visahani vya maabara, kwamba kuingiza dawa ndani ya vifuko kunahitaji mashine za kuzungusha na kuchuja, kwamba huenda ikachukua miaka na huenda isifaulu kamwe. Yote hayo yalisemwa waziwazi, kwa Kiswahili ambacho Nzivo alikielewa. Lakini masikio ya mzazi huchagua. Yalichukua saratani, yakachukua maziwa mabichi, yakachukua jirani anayefunguliwa mlango, yakafunga hesabu hapo.

Jioni hiyo alisaga kidonge kati ya vijiko viwili, akakikoroga ndani ya maziwa mabichi ya Tala, akakiacha kikombe mezani kwa muda ili vifuko vipate kubeba mzigo wao. Tangu mtoto augue, ilikuwa mara ya kwanza yeye kufanya jambo badala ya kusimama tu akitazama madaktari wakifanya.

"Baba, Mama alisema maji."

"Dawa ya maji haifiki, mwaitu. Inabisha mlango, inarudi. Hii inaingia."

"Uko sure?"

"Mimi na maziwa? Nani mwingine atakuwa sure?"

Kavinya akanywa, akajipangusa mdomo, akacheka. Nthoki aliporudi akauliza kama kawaida kama mtoto amemeza dawa, na Nzivo akajibu kwamba amemeza. Aliulizwa hivyo kila siku, akajibu hivyo kila siku.

Mwanzoni mtoto alinenepa. Mashavu yakajaa, akaanza kukimbia hadi kwa kinyozi na kurudi, na Nzivo akatembea Tena kifua mbele kama aliyeshinda kura. Mtu yeyote mwenye akili angemwambia kwamba mtoto akinywa kikombe kizima cha maziwa yenye mafuta kila jioni lazima anenepe, lakini angemwambia vipi mtu ambaye hajamwambia mtu? Siri ilimlindia wateja, ikamnyima pia mtu wa kumshika mkono.

Shule zilipofunguliwa, Kavinya alianza kulala mezani kabla ya chakula. Damu ilimtoka puani akiwa darasani, mwalimu akapiga simu. Miguuni kukatokea alama za kuvilia damu, na alipoulizwa ni nani amempiga akasema hakuna. Nzivo aliziona alama hizo akimwogesha. Alizijua. Ndivyo zilivyoanza mara ya kwanza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Aliwaza kwamba labda vifuko havipati muda wa kutosha. Akaanza kutia kidonge katika maziwa tangu mchana, kikae, kiloweke sawasawa. Mtoto akazidi kulegea, naye akazidi kulowesha. Kliniki ilikuwa Jumatatu. Jumamosi homa ikapanda, Nthoki akaomba ruhusa kazini, akampaka mtoto maji kwa kitambaa huku akiomba kwa Kikamba, na Nzivo akachukua pakiti ya vidonge akatoka karibu akikimbia hadi kwa kina Zubair.

Alimkuta uani akianua nguo. Hakumsalimia.

"Kijana, nakuomba. Peleka hivi kwenye zile mashine zenu. Vitieni ndani ya vile vifuko sawasawa, mimi huku nyumbani sina vyombo. Maziwa nitakupa bure mpaka niingie kaburini."

"Mzee, pole pole. Hivi ni vya nani?"

"Ni vya Kavinya. Ako na saratani ya damu."

Zubair aliangusha nguo kwenye beseni. Alichukua pakiti akasoma jina refu lililoandikwa, akainua macho.

"Unampa na nini?"

Nzivo akamwambia. Alieleza habari za vijiko viwili, maziwa ya alfajiri, kikombe kinachokaa tangu mchana, yote, na katika kueleza huko sauti yake ilikuwa na tumaini bado, kama mwanafunzi anayengoja kusahihishwa jambo dogo tu. Zubair alitoa simu akasoma kwa muda, akarudia kusoma, na uso wake ukabadilika.

"Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi?" Kijana alikaa chini pale pale uani. "Baba Kavinya, ndani ya maziwa mabichi kuna kimeng'enya, kitu kinachovunjavunja vitu. Na dawa hii ni mojawapo ya vitu kinavyovivunja. Ukichemsha kinakufa. Mabichi ndiyo mabaya kabisa. Na yakikaa na dawa muda mrefu..." Hakumaliza. "Mbona hukuniambia ni mgonjwa? Ungenitajia tu, ningekukataza siku hiyo hiyo. Ningelala mlangoni kwako nikikukataza."

Nzivo alirudishiwa pakiti yake. Alitembea akaona watu wakimsalimia na hakujua walikuwa nani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husemwa, na laiti guu lingekuwa lake! Yeye alipuuza maneno, mtoto ndiye aliyevunjika. Alitaka kumwambia Nthoki jioni hiyo. Aliketi karibu naye, akafungua mdomo, akamwona anavyoukanda mguu wa mtoto taratibu, akasema tu kwamba maji ya kitambaa yamepoa. Dawa ya Jumamosi akampa mtoto kwa maji. Ya Jumapili vilevile. Kavinya aliinywa huku akinung'unika kwamba hiyo haifiki.

Jumatatu walikuwa mbele ya Daktari Jawahir, mama mwenye sauti ya chini aliyemtibu Kavinya tangu mwanzo. Damu ilikuwa imechukuliwa, majibu yalikuwa mezani. Aliyatazama, akawatazama wazazi, akamgeukia Nthoki.

"Mama Kavinya, ugonjwa umeamka. Na kuna jambo lingine. Kipimo kinaonyesha dawa haijakuwa mwilini vile inatakikana. Sisemi kwa ubaya. Wazazi huchoka. Kidonge kinasahaulika leo, kesho pia. Niambie ukweli nijue nianzie wapi. Kama alikuwa anameza na dawa imemshinda, basi hiyo dawa siwezi kuitegemea tena. Kama hakuwa anaipata, hiyo ni habari nyingine."

Nthoki alishika ukingo wa meza. "Daktari, nilikuwa nikiuliza kila siku."

"Kuuliza si kumpa."

"Nikirudi job ashalala." Machozi yakaanza. "Labda ni mimi. Kuna siku nilichoka nikalala bila kuuliza. Labda siku hizo... Daktari, andika ni mimi. Ni mimi mama yake, ningefaa kuwa nyumbani."

Hapo Nzivo alikuwa na nafasi, na ni vizuri isemwe, kwa sababu wengi wetu tungeichukua. Angenyamaza tu. Mkewe alikuwa amekwisha kujibebesha mzigo, daktari alikuwa amekwisha kuamini nusu, na Zubair hakuwepo. Lakini daktari alikuwa ameshika kalamu, na dawa ya mwanawe ingechaguliwa kwa uongo.

"Si yeye," akasema. "Alimeza zote. Nilimpa na maziwa. Mabichi."

Akasema yote. Hakumtazama Nthoki hata mara moja. Daktari Jawahir alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini, akauliza kwa muda gani, akaambiwa, akafumba macho kidogo.

"Umefanya vizuri kusema," akasema. "Hiyo inabadilisha mpango wangu. Leo atalazwa. Tunarudi kwa dripu."

"Zile za mwanzo?"

"Kali kuliko za mwanzo. Ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi. Atapona au hatapona, siwezi kukuahidi."

"Daktari, ni mimi niliyeuamsha?"

"Sijui."

"Niambie tu. Ni maziwa yangu?"

"Baba Kavinya, kuna watoto wanaomeza kila kidonge na maji safi na bado ugonjwa unarudi. Kuna madaktari wanaosema maziwa hayadhuru sana, na wengine wanaoyakataza kabisa. Kisha wewe ulikuwa ukiloweka mchana kutwa. Huenda ungerudi hata hivyo. Huenda haungerudi. Hakuna kipimo cha kunionyesha hilo."

Alimsihi. Mtu mzima mwenye mvi alimsihi daktari amhukumu, aseme ndiyo au aseme la, apate walau kitu cha kushika, na daktari akarudia kwamba hajui. Nzivo aliona heri angetukanwa.

Nthoki alisubiri hadi wakafika koridoni. Hakupiga kelele.

"Nilikuambia na huu mdomo wangu," akasema. "Ukaitikia na kichwa."

"Niliogopa, Nthoki. Nilikuwa naona nimekaa tu."

"Hata mimi nilikuwa naogopa. Mimi nilifuata."

Akaenda kumshika mtoto mkono, akamwacha pale na mfuko wa nguo.

Kavinya alilazwa kitanda cha karibu na dirisha. Nywele zilianza tena kubaki kwenye mto. Zubair alikuja siku moja na mama yake, wakasimama kando ya kitanda, mama Kibibi akamwombea mtoto dua kwa muda mrefu. Mtaani sasa walijua. Wengine waliacha kununua, kama Nzivo alivyohofia, na wengine walikuja kibandani wakanunua hata wasichokihitaji. Yeye hakuwatambua wa kwanza wala wa pili. Alipima, akapokea, akafunga mapema, akaenda wodini.

Alasiri moja alipofika alimkuta muuguzi, sista Kawsar, kando ya kitanda, kidonge kwenye kifuniko kidogo, kikombe cha maji mkononi, uvumilivu umemwishia. Nthoki, aliyekuwa ameomba likizo kazini, alikuwa upande wa pili akimbembeleza mtoto kwa Kikamba. Kavinya alikuwa amefunga mdomo kabisa, midomo imekauka na kupasuka.

"Baba Kavinya, saidia," sista akasema. "Tangu jana tunapigana naye. Anatema. Anasema dawa ya maji haifiki, eti baba ndiye anajua. Hii si ya kukosa."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutazama. Nzivo alichukua kikombe na kile kifuniko, akakaa kitandani. Kavinya alimtazama kwa furaha ya mtu aliyeletewa wakili wake.

"Umekuja nayo, Baba? Maziwa?"

"Sikuja nayo, mwaitu. Utameza na maji."

"Lakini ulisema inabisha mlango, inarudi."

"Nilikudanganya. Sikujua ninakudanganya, lakini nilikudanganya. Maziwa yalikuwa yanaharibu dawa. Mama yako alikuwa anasema ukweli."

Mtoto alifikiri.

"Ndiyo maana niko hapa?"

Nzivo alitafuta jibu la kumpa na alilolipata ni lile alilopewa yeye. "Sijui. Daktari pia hajui."

"Na hii ya maji, uko sure itafika?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amesema ndiyo maisha yake yote, kaunta nzima ya Tena ilijengwa juu ya ndiyo yake.

"Mimi siko sure, mwaitu. Daktari ndiye anajua dawa. Mimi sijui."

Kavinya alimtazama baba yake kwa makini, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja mara ya kwanza. Hakulia. Akainua mkono mwembamba wenye sindano akamwonyesha sista.

"Basi huyu ndiye anipe," akasema.

Nzivo akampa sista kikombe na kidonge, akaondoka kitandani, akasogea ukutani ili sista apite.